Mwongozo kamili wa kutembelea makumbusho ya magari ya vita: namna ya kukisoma kifaru badala ya kukitazama tu

Watu wengi huingia makumbusho ya kijeshi, wakapita mbele ya vifaru chungu nzima kwa saa moja, wakapiga picha na kile kikubwa kuliko vyote, wakatoka. Ukiwauliza jioni wameona nini watakujibu: vifaru. Mwongozo huu ni wa anayetaka zaidi ya hapo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: gari la vita lililokarabatiwa ni mchanganyiko. Sehemu yake ilikuwa vitani kweli, sehemu ilichongwa karakana miaka mingi baadaye, na sehemu ni rangi tu. Anayejua kutenganisha hayo matatu hujifunza mengi kwa magari matano kuliko mwenzake aliyekimbilia mia.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona nini

Magari haya huwekwa katika hali tatu. Kuna yanayotembea, yaani injini inawaka na gia zinaingia. Kuna ya kutazamwa tu: nje yamepakwa rangi vizuri, ndani injini ilishatolewa au imekwama. Na kuna yaliyoachwa kama yalivyookotwa, na kutu yake na matundu yake. Hakuna hali iliyo duni, lakini ukienda ukitarajia mngurumo ukakuta chuma kimya, utavunjika moyo bure.

Mifano ipo. The Tank Museum ya Bovington, kusini mwa Uingereza, ina Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilichotekwa Tunisia Aprili 1943, na injini yake bado inawaka. Musée des Blindés ya Saumur, Ufaransa, ina Tiger II inayotembea. Kwa upande mwingine, ukitaka kuona A7V, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Kwanza, fahamu kwamba viliundwa 20 tu na cha asili kimebaki kimoja duniani. Kinaitwa Mephisto, nacho kiko Queensland Museum mjini Brisbane, Australia. A7V utakayoikuta Munster, Ujerumani, ni nakala iliyojengwa baadaye. Ni nakala nzuri, ila ni vyema ulijue hilo kabla ya kusimama mbele yake ukisisimka.

Mfano mwingine ni Maus, kifaru kizito kuliko vyote vilivyowahi kuundwa, tani 188, kilichohifadhiwa Kubinka karibu na Moscow. Wajerumani waliunda viwili vya majaribio, na Wasovieti wakachukua mwili wa kimoja wakaubandika mnara (sehemu ya juu inayobeba mzinga) wa kingine. Kwa hiyo hata kile kilichobaki pekee duniani ni vipande vya vifaru viwili.

Soma tovuti ya makumbusho unayokwenda, kisha uwapigie simu au uwaandikie. Swali moja linatosha: kifaru fulani kiko ukumbini siku hiyo, au kimepelekwa karakana? Vifaru maarufu huazimwa na makumbusho mengine, na hufunguliwa injini kwa miezi. Usisafiri mbali kwa ajili ya gari moja bila kuuliza.

Hatua ya 2: Chagua siku

Una njia mbili, na haziendi pamoja. Siku ya kawaida, hasa asubuhi katikati ya juma, ukumbi ni mtulivu na unaweza kuchuchumaa kando ya gari bila kusukumwa. Siku ya maonyesho, magari hutolewa nje na kuendeshwa uwanjani. TANKFEST ya Bovington, inayofanyika kila mwaka mwishoni mwa Juni, ndiyo inayojulikana zaidi. Siku hizo umati ni mkubwa, tiketi huisha mapema, na magari uliyotaka kuyachunguza kwa karibu yako mbali nyuma ya uzio.

Kama uwezo wako ni wa siku moja tu, ushauri wangu ni siku ya kawaida. Najua wengi watanipinga, kwa sababu sauti ya injini hizo haisahauliki. Lakini sauti unaweza kuipata kwenye video, ilhali kovu la ganda la mzinga juu ya chuma halionekani vizuri ila ukiwa hatua moja kutoka hapo. Mwenye nafasi ya siku mbili achukue zote: leo maonyesho, kesho ukumbi.

Makumbusho kadhaa huuza tiketi za pembeni, za kuingia ndani ya kifaru, kuzungushwa na gari uwanjani, au kutembezwa karakana. Ukilazimika kuchagua moja, chagua karakana.

Hatua ya 3: Soma kidogo, uorodheshe magari matano

Huhitaji kuwa mtaalamu, unahitaji uzi wa kuufuata. Uzi rahisi ni huu: nani alikaa wapi ndani ya gari, na kwa nini.

Anza na Little Willie, gari la majaribio la mwaka 1915 lililoundwa Lincoln, Uingereza, na ambalo bado lipo Bovington. Kutoka hapo kukaja Mark I, iliyoingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers-Courcelette, Ufaransa. Ndani yake watu wanane walikaa pamoja na injini iliyo wazi katikati yao, wakivuta joto na moshi wake. Halafu ije Renault FT ya Wafaransa ya mwaka 1917: dereva mbele, mnara unaozunguka juu, injini nyuma, ikitengwa kwa ukuta wake. Vifaru vingi vya leo bado vimepangwa hivyo. Ukishayaona hayo matatu, T-34 ya Wasovieti, Sherman ya Wamarekani na Tiger ya Wajerumani hayatakuwa tena majina tu, maana utaona kila kiwanda kilijibu vipi maswali yaleyale.

Katika magari matano utakayoorodhesha, liwemo lori au jipu. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya 4: Mavazi na mzigo

Viatu vilivyofunika mguu, vyenye soli tambarare, kwa kuwa sakafu ni zege na utasimama saa nyingi. Koti jepesi, maana kumbi hizi ni kama maghala na hewa yake hudhibitiwa ili chuma kisishike kutu. Begi dogo. Daftari na kalamu. Kurunzi ndogo ni rafiki mkubwa wa mgeni wa makumbusho haya, lakini uliza kwanza kama inaruhusiwa. Siku ya maonyesho ongeza vizibo vya masikio, na kwa watoto vile vya kufunika sikio lote.

Ukiwa na tiketi ya kuingia ndani ya gari, vaa nguo usizozionea huruma. Grisi ya miaka hiyo haitoki. Mifuniko, yaani milango ya kuingilia ndani ya kifaru, ina nafasi finyu, na vyuma vya ndani vina ncha kila upande. Anayebanwa na hofu ya mahali padogo aseme mapema, kwani kumtoa mtu aliyekwama ndani ya mnara si kazi nyepesi.

Hatua ya 5: Fika mlango unapofunguliwa, uanze mwisho

Wageni wengi huanza ukumbi wa kwanza na kusonga polepole. Wewe nenda moja kwa moja kwenye gari maarufu kuliko yote, kama ni Tiger basi Tiger, ulitazame kabla umati haujafika. Baada ya hapo rudi mwanzo ufuate mpangilio wa miaka.

Hatua ya 6: Soma gari kutoka chini kwenda juu

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Acha kibao cha maelezo kwanza. Zunguka gari mara moja bila kusoma kitu, kisha chuchumaa.

Anza na minyororo na magurudumu. Tiger ina magurudumu yaliyopandana, moja likifunika nusu ya jingine. Uzito wa karibu tani 57 uligawanyika vizuri na kifaru kikawa kinakwenda bila kurushwarushwa. Gharama yake ilikuwa kubwa: matope na barafu vilijaa katikati ya magurudumu, na gurudumu la ndani likiharibika ilibidi mafundi wavue mengine kadhaa ya nje ndipo walifikie. Tena kifaru hicho kilikuwa na minyororo ya aina mbili, ya vita yenye upana wa milimita 725 na ya safari ya treni yenye milimita 520, kwa sababu ile mipana ilizidi nafasi ya reli. Mtazame mwenzako anayepiga picha mzinga tu, naye hajui kwamba nusu ya hadithi ya Tiger iko magotini pake.

Sasa pandisha macho kwenye deraya, yaani mabamba ya chuma yanayokinga gari. Tafuta vitu viwili, unene na mwinamo. Bamba la mbele la mwili wa T-34 lina milimita 45 tu, lakini limelazwa kwa nyuzi 60 kutoka wima, hivyo ganda linalokuja moja kwa moja hulazimika kupenya chuma cha milimita 90. Tiger ilitegemea unene mtupu: milimita 100, karibu wima. Simama ubavuni mwa magari hayo mawili, kama yote yapo, na tofauti utaiona kabla hujaambiwa.

Kisha viungo vya mabamba. Vifaru vya mwanzo na vingi vya miaka ya 1930 vilishikwa kwa ribiti, pini nene za chuma za kuunganisha mabamba. Ganda likipiga nje, kichwa cha ribiti kiliweza kukatika na kuruka ndani kama risasi, hata kama deraya yenyewe haikutoboka. Ndiyo sababu viwanda vilihamia kuchomelea mabamba au kuyamimina kwa kalibu. Kwenye Sherman unaweza kuona njia zote mbili. M4A1 ina mwili wa kumiminwa, mabega yake ya mviringo kama sabuni iliyotumika, na nyinginezo nyingi zimechomelewa zikawa na kingo kali.

Tukiwa bado kwa Sherman, jiulize kwa nini ni ndefu hivyo kwenda juu, karibu mita 2.7. Jibu liko kwenye injini. Wamarekani walihitaji injini kwa haraka na walikuwa nazo za ndege, zile ambazo silinda zake hupangwa kwa duara. Injini ya namna hiyo ikiwekwa nyuma husimama juu, na mhimili wake hupita chini ya miguu ya askari hadi gia zilizo mbele, basi sakafu ya mnara ikapanda, na kifaru kizima nacho kikapanda. Injini zilipopungua, Chrysler waliunganisha injini tano za silinda sita kuwa moja ya silinda 30. Mdudu huyo mpana alihitaji mwili mrefu zaidi, nao wakauita M4A4. Ukiona Sherman ambayo nafasi kati ya seti za magurudumu yake ni kubwa kuliko kawaida, umeikuta. Hakuna atakayekuonyesha hilo usipolitafuta mwenyewe.

Tafuta makovu. Tiger 131 ina alama za makombora yaliyoipata. Ganda moja lilipiga chini ya mzinga likakwamisha mnara usizunguke, na askari wake wakakitelekeza. Bila kovu hilo kifaru hicho kisingefika makumbusho kikiwa kizima. Kwenye magari mengine kovu huwa limezibwa na kupigwa msasa. Hapo lilipozibwa chuma huwa laini mno, au rangi imekaa tofauti kidogo ukiangalia kwa kuinama mwanga ukipita ubavuni.

Mwisho ni rangi, nayo ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko vyote. Rangi ya vita haikung'aa. Gari linalometameta limepakwa kwa ajili ya wageni. Wajerumani walianza kupaka manjano ya mchanga kama rangi ya msingi mwanzoni mwa 1943, hivyo ukikuta gari lao la 1941 lenye rangi hiyo, uliza. Katika miaka ya 1943 na 1944 walipaka pia zimmerit, tope gumu lenye mistari, kuzuia mabomu ya sumaku yasishike. Makumbusho makini huacha kidirisha kidogo cha rangi ya asili bila kukigusa. Kitafute karibu na mifuniko au nyuma ya mnara.

Hatua ya 7: Usiruke malori na majipu

Wageni hupita hapa wakienda kunywa chai, na mimi huona hapa ndipo penye utamu.

Jipu kwanza. Willys na Ford waliunda kwa pamoja karibu 640,000 wakati wa vita, kwa mchoro mmoja, hivyo kwa mbali hayatofautiki. Kwa karibu yanatofautika. Ford waligonga herufi F kwenye vichwa vya bolti na kwenye vipande vingi. Angalia pia chuma kinachokatiza chesisi mbele, chini ya grili: cha Willys ni bomba la duara, cha Ford ni cha pembe nne. Mara nyingi utakuta gari lina bolti za F juu ya chesisi ya Willys. Usiseme limechakachuliwa. Mafundi wa vitani waling'oa spea popote walipozipata, na jipu la mchanganyiko linaweza kuwa kweli zaidi kuliko lile ambalo mkarabati wake amehangaika kila bolti ilingane.

Lori la GMC CCKW la magurudumu kumi liliundwa zaidi ya 500,000. Kati ya Agosti na Novemba 1944 malori haya ndiyo yaliyobeba Red Ball Express, msafara uliopeleka mafuta na risasi kutoka pwani ya Ufaransa hadi kwa majeshi yaliyosonga mbele. Karibu robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga na wenzao. Kibao cha lori mara nyingi hutaja uzito na nguvu ya injini, kisinene lolote juu ya aliyelala chini ya usukani. Hali ni hiyohiyo kwa magari yaliyokwama kwenye matope ya mvua za monsuni huko Burma mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Ukikuta kibao kiko kimya, mwulize mhudumu nani aliliendesha. Swali hilo likirudiwa na wageni wa kutosha, vibao hubadilika.

Hatua ya 8: Zungumza na wenye gari

Wahudumu wengi ni watu wa kujitolea, mafundi na wanajeshi wastaafu. Usiwaulize kifaru kipi kilikuwa bora. Wameulizwa hilo mpaka wamechoka. Waulize kilipatikana wapi na katika hali gani. Waulize kiasi gani ni cha asili, na nini kilichongwa upya. Waulize kipande gani kiliwasumbua kuliko vyote. Hapo utasikia habari za rejeta, klachi na mipira isiyotengenezwa tena na yeyote.

Uliza pia kwa nini gari fulani haliwashwi. Kila mwendo hula meno ya gia na bushi ambazo hazina mbadala. Baadhi ya makumbusho yameamua nakala zichoke badala ya asili: Bovington huendesha nakala ya Mark IV, kifaru cha Vita Kuu ya Kwanza, iliyojengwa kwa ajili ya filamu, na zile za kweli za enzi hiyo zinabaki ukumbini. Wengine hushikilia kwamba injini isiyowaka ni gari nusu. Mimi naegemea upande wa kwanza, lakini fundi mzuri wa upande wa pili ataweza kukutikisa.

Hatua ya 9: Mikono yako

Usiguse. Jasho lina chumvi, na chumvi juu ya chuma kitupu huleta kutu yenye umbo la vidole vyako. Usipande hata kama mtoto wako analia. Kuna sababu nyingine isiyoandikwa kwenye mabango: saa na vipimo vingi vya enzi hiyo vilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ili vionekane gizani, na breki na gasketi zilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mfuniko ukiwa umefungwa kwa kufuli, aliyeufunga anajua alichofanya.

Hatua ya 10: Siku ya maonyesho

Fika kabla magari hayajawashwa. Kwenye Sherman ya injini ya ndege utaona askari wakiizungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha, kwa sababu mafuta ya kulainisha hushuka kwenye silinda za chini gari likisimama muda mrefu, na ukiwasha bila kuyatoa unavunja injini. Dakika hizo zinafundisha kuliko mbio zote za uwanjani.

Simama upande upepo unakotoka, la sivyo utakula vumbi na moshi. Tazama kona: kifaru hukata kona kwa kupunguza au kuzuia mnyororo mmoja, na ardhi hulimika. Magari yakirudi usiondoke na umati. Nenda kwenye uzio wa karakana uone mafundi wakipitisha mkono juu ya vitovu vya magurudumu kupima joto, wakitafuta bolti zilizolegea na mafuta yaliyovuja.

Hatua ya 11: Picha, watoto na adabu

Piga picha ya kibao kwanza, ndipo gari, la sivyo nyumbani utakuwa na picha mia usizojua ni za nini. Shuka usawa wa magurudumu. Flashi huchafua picha kwa mwako wa rangi, izime.

Mtoto usimfiche kwamba ndani ya haya magari watu walikufa. Mwonyeshe viti vitano vya Sherman na mifuniko ya kutokea, umwache ahesabu mwenyewe. Na wewe, kwenye gari lenye tundu la ganda ubavuni, acha pozi za kuchekesha.

Hatua ya 12: Kabla hujatoka na baada ya hapo

Andika namba ya mwili au ya chesisi ya gari lililokuvutia. Huwa imegongwa kwenye chuma au iko kwenye kibati kidogo cha kiwanda. Makumbusho makubwa yana idara ya kumbukumbu yenye picha, vitabu vya matengenezo na faili ya kila gari. Ukiwaandikia, taja namba hiyo, jina la gari na ukumbi ulikolikuta, kisha uliza swali moja tu katika barua moja. Barua yenye maswali kumi huwekwa kando isubiri siku mtu atakapokuwa na nafasi.